Idd-ul-Azha Si Zawadi ya Waziri, na Si Sikukuu ya Mkoa



Kila mwaka Dhul-Hijja ikiingia unajua kitakachotokea kwenye simu yako. Mtu atatuma picha ya ukurasa wa Gazeti Rasmi la Serikali, sahihi ya Waziri wa Usalama wa Ndani iko chini, kwamba tarehe fulani itakuwa sikukuu ya umma kwa sababu ya Idd-ul-Azha. Hapo ndipo zinaanza: "Maashallah, shukran mheshimiwa, Allah akulipe." Wanasiasa wetu nao wanarusha mabango yenye sura zao, utadhani wao ndio waliouona mwezi.

Sasa nikuulize. Umewahi kuona Mkristo akimshukuru waziri kwa kumpa Krismasi?

Hana haja. Krismasi iko ndani ya sheria. Ijumaa Kuu iko, Jumatatu ya Pasaka iko, hata ile siku ya pili ya Krismasi iko. Na tuseme haki, Idd-ul-Fitr pia iko. Chukua Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110, fungua jedwali lake la nyuma usome mwenyewe. Siku za wote zimepangwa pamoja. Idd-ul-Azha imewekwa kando, siku ya watu wa dini ya Kiislamu pekee, kama vile Diwali ilivyowekwa kwa Wahindu. Ili nchi nzima ipumzike siku hiyo, lazima waziri achukue kalamu. 2023 aliichukua, tukapata Jumatano 28 Juni. 2024 ikawa Jumatatu 17 Juni. 2025 ikawa Ijumaa 6 Juni.

Utaambiwa: basi shida iko wapi, si mnapata kila mwaka?

Shida ni kwamba kitu unachopewa kila mwaka kwa hisani, mwaka mmoja unaweza kunyimwa na usiwe na mahali pa kulalamika. Hakuna sheria iliyovunjwa. Waziri hakuandika, basi. Na tangazo lenyewe huja zikiwa zimebaki siku chache, wakati zamu za kiwandani zimeshapangwa na tarehe ya mtihani wa chuo imeshabandikwa ukutani.

Usichukulie jambo hili kama la heshima tu. Ni la pesa na la kazi. Sikukuu ikiwa ya umma, mfanyakazi anayelipwa kwa kanuni za jumla za mishahara akiitwa kazini anastahili malipo mara mbili. Korti haziketi, benki zinafunga, shule hazifunguliwi. Lakini siku ikiwa "ya Waislamu pekee", mzigo wote unakuangukia wewe. Wewe ndiye utakayeingia ofisini kwa bosi kuomba ruhusa. Wewe ndiye utakayeeleza kwa nini Idd ziko mbili, na kwa nini hii ya pili nayo ni muhimu, na kwa nini hukusema mapema. Dada anayefanya kazi ya nyumbani Nairobi, au kijana wa kibarua anayelipwa kwa siku, haombi chochote. Anaswali alfajiri, anakunja mswala, anaenda kazini. Hao ndio sheria hii inawaumiza, si mimi na wewe tunaochapa maneno hapa.

Halafu kuna wale wenye suluhisho lao, na huyu nataka umsikilize vizuri kwa sababu anaongea kama rafiki. Anasema: kwani lazima nchi nzima? Wacha Mombasa, Kwale, Lamu, Tana River, Garissa, Wajir na Mandera zipumzike Idd-ul-Azha, kwingine kazi iendelee. Kila eneo na sikukuu zake, ugatuzi si ndio huo?

Wazo lenyewe si la kijinga, na si geni duniani. Ujerumani kila jimbo lina orodha yake. Kule Bavaria tarehe 15 Agosti ni sikukuu katika miji na vijiji ambavyo Wakatoliki ni wengi kuliko Waprotestanti, na kijiji jirani wanaenda kazini kama kawaida. Mji wa Augsburg peke yake una siku yake ya amani, 8 Agosti, ambayo hakuna mji mwingine wa Ujerumani unaopumzika nao. Scotland wanapumzika tarehe 2 Januari, Uingereza kwenyewe hawapumziki. Malaysia, Kelantan na Terengganu wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, ukienda Kuala Lumpur ni Jumamosi na Jumapili. Ceuta na Melilla, ile miji miwili ya Uhispania iliyo upande wa Afrika, ina Idd-ul-Azha kwenye kalenda yake rasmi wakati Madrid hakuna.

Hata hapa kwetu tumeshaona. Agosti 2022 kura ya ugavana ya Mombasa na Kakamega iliahirishwa hadi tarehe 29, na siku hiyo ikatangazwa mapumziko kule kulikokuwa na kura tu. Kwingine walienda kazini. Kwa hivyo mtu asikwambie haiwezekani.

Lakini jiulize hiyo Idd ya mkoa inamwacha nani nje. Inamwacha Muislamu wa Mumias, ambako Uislamu umekuwepo tangu enzi za Nabongo Mumia. Inamwacha wa Kendu Bay. Inamwacha wa Eastleigh, wa Kibra, ambako Wanubi wamezika mababu zao. Inamwacha Mkikuyu aliyesilimu Nyeri, ambaye tayari kila siku anaulizwa wewe ni Muislamu wa wapi. Sensa ya 2019 ilihesabu Waislamu zaidi ya milioni 5 nchini, karibu asilimia 11, na si wote wanaishi ukisikia mawimbi au ukiona ngamia. Ukikubali Idd ifungiwe Pwani na Kaskazini Mashariki, umekubali ule uongo wa zamani kwamba Uislamu ni kitu cha pembeni ya Kenya, cha mipakani, na kwamba Muislamu aliye katikati ya nchi ni mgeni. Tumehangaika na vitambulisho miaka yote hii kwa sababu ya fikra hiyo hiyo. Tusiisaini wenyewe kwa mikono yetu.

Tazama Ufilipino. 1977 walipitisha kanuni ya sheria za Waislamu, zikaorodheshwa sikukuu za Kiislamu, lakini kuadhimishwa kwake kukawa hasa katika maeneo ya Waislamu kusini. Muislamu aliyehamia Manila kutafuta riziki akabaki anaomba ruhusa kwa bosi. Ilibidi bunge lao lirudi mezani: 2002 Idd-ul-Fitr ikawa ya taifa zima, 2009 ikafuata Idd-ul-Azha. Na nchi ile Wakatoliki ndio wengi mno. Sisi tunangoja nini?

Sasa zile hoja za kawaida. Ya kwanza, eti sikukuu zimezidi, uchumi utaumia. Uchumi huo huo ulivumilia 26 Novemba 2015 kwa ajili ya ziara ya Papa, na mimi sina neno, mgeni apewe heshima yake. Ukavumilia 13 Novemba 2023 tupande miti, siku iliyotangazwa wiki moja tu kabla. Na ile 10 Oktoba je? Ilikuwa Moi Day, serikali ikaacha kuiadhimisha, mahakama kuu ikasema 2017 kwamba bado ni sikukuu kwa sababu iko kwenye sheria, ikageuzwa Huduma, ikageuzwa Utamaduni, sasa ni Mazingira. Majina manne, na hakuna aliyethubutu kuifuta. Hiyo ndiyo nguvu ya kuwa ndani ya jedwali. Isitoshe, Idd-ul-Azha tayari tunapumzika kila waziri akiandika. Hatuombi siku mpya, tunaomba ihamishwe mstari.

Ya pili, eti nchi haina dini ya serikali. Sawa, kifungu cha 8 cha Katiba kinasema hivyo. Soma basi na cha 32, kinachotaja uhuru wa kuadhimisha siku ya ibada, na kinachokataza mtu kunyimwa kazi au huduma kwa sababu ya imani yake. Serikali isiyo na dini ndiyo inayopaswa kupima Krismasi na Idd kwa kipimo kimoja.

Ya tatu ni ya mwezi, na hii tunajipiga wenyewe. Wengine wanafuata Arafa ya Makka, wengine mwezi wa hapa, na mwajiri anauliza: niwape siku gani? Ana haki ya kuuliza. Lakini mbona Idd-ul-Fitr ina mzozo huo huo, tena mkubwa zaidi maana inajulikana usiku wa kuamkia, na bado iko kwenye jedwali? Dhul-Hijja inatupa siku tisa nzima za kujipanga kabla ya Idd. Mwezi si kisingizio.

Na kumbuka kalenda yetu inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. 2012 Idd-ul-Azha iliangukia mwisho wa Oktoba, msimu wa mitihani ya kitaifa. Itarudi huko. Utakuwa na mtoto wa kufanya mtihani wakati huo, inshallah.

Kwa hivyo mwaka huu tangazo likitoka, usitume "shukran mheshimiwa". Mtumie mbunge wako swali moja, awe wa Nyali au wa Mathare, awe Muislamu au asiwe: lini utaleta marekebisho ya Sura ya 110 ili Idd-ul-Azha iwekwe pamoja na siku za wote? Akikwambia atalishughulikia, muulize tarehe. Akinyamaza, kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni, na wewe ni mtu. Waalimu wa madrasa, maimamu, wanafunzi wa vyuo, wenye vibanda sokoni, na majirani zetu Wakristo wanaokula pilau yetu kila Idd, wote waweke sahihi. Hao majirani waanze.