Beberu mmoja hatoshi kilima kizima

Mwaka 2018 sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa nchini Burundi, ikawapukutisha mbuzi ambao ndio ada ya shule na samadi ya migomba. Ugonjwa ule haukubagua; hata mbuzi wa kienyeji walikufa. Lakini funzo lake kwa wafugaji wa Gitega na Muyinga haliishii kwenye chanjo. Linamgusa pia beberu, kwa kuwa anayechagua beberu anachagua kinga ya vizazi vijavyo.

Ushahidi ulio wazi kwamba kinga hurithiwa umetoka kwa panya wa maabara. Mwaka 1974, mjini Canberra, Australia, Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walionyesha kuwa chembe za kinga za panya haziangamizi seli yenye virusi mpaka zivitambue virusi hivyo pamoja na protini maalumu za mwili wenyewe. Jeni za protini hizo ni za aina nyingi mno, hivyo kirusi kinachomponyoka mnyama mmoja huweza kunaswa na mwenzake. Jeni nyingine ya panya, Nramp1, iliyotambuliwa mwaka 1993, ilionyesha kuwa badiliko dogo moja tu hutosha kumfanya panya ashindwe kuwadhibiti bakteria wa salmonela. Mbuzi nao wana jeni za namna hiyo. Basi beberu mmoja akipanda majike wa kilima kizima, kisha wanawe wakapanda dada zao, udhaifu wake huwa wa zizi zima.

Watakaosema kwamba mbuzi wa kigeni aina ya Boer ana nyama nyingi na mfugaji anahitaji pesa leo wana haki, na sipingi kuzalisha chotara. Napinga kuifuta mbegu ya kienyeji, maana ikishapotea hainunuliki sokoni. Wengine watasema chanjo inatosha. Chanjo ya sotoka hukinga kwa miaka mitatu au zaidi, na kila mbuzi aipate. Lakini haizuii minyoo wala magonjwa mengine.

Kwa hiyo miradi inayogawa mbuzi Gitega na Muyinga itoe mabeberu kadhaa wasio ndugu, iwabadilishe kati ya vilima baada ya kupimwa afya, na itunze makundi ya mbuzi wa kienyeji yasiyochanganywa. Nawe mfugaji, kabla ya kumpandisha jike wako, uliza kwanza beberu huyo ni mwana wa nani.