Bima Ipi ya Motokaa?

Mkononi nina barua kutoka Dongobesh. Mwandishi wake ana Toyota Noah, aliyoipata kwa fedha za vitunguu saumu vya misimu miwili. Bima yake yakoma mwisho wa mwezi huu. Ameuliza mahali patatu, akatajiwa bei tatu zilizo mbalimbali, na sasa aniuliza: je, achukue iliyo rahisi kuliko zote? Kisha mwishoni ameongeza maneno machache tu, kwamba siku za mnada huwapakia majirani, nao humpa chochote cha mafuta. Maneno hayo machache ndiyo yaliyonishtua. Nitayarudia.

Wazee wetu wa Kiiraqw hawakuweka ng'ombe wao wote katika zizi moja. Wengine waliwapeleka kwa rafiki upande wa pili wa bonde, ili ugonjwa ukiingia boma moja usimalize mali yote. Bima ni akili ileile, ila hapa twatumia fedha: wengi hutoa kidogo kidogo, na aliyepatwa hulipwa kutoka mfuko huo. Lakini rafiki wa mzee alijulikana kwa uso, bali kampuni ya bima hujulikana kwa mkataba wake. Ndiyo sababu mkataba husomwa.

Wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba zamani hapakuwa na cha kulinganisha. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kazi ya bima iliwekwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa peke yake. Sheria ya mwaka 1996 ikafungua mlango kwa makampuni mengine, na leo yako mengi, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

Haya, tuziangalie bei. Iko bima ndogo, ambayo sheria humlazimisha kila mwenye motokaa kuwa nayo. Hiyo humlipa mtu mwingine uliyemwumiza au uliyemharibia mali. Motokaa yako mwenyewe haipati hata senti. Katika bima hii usipoteze siku nzima ukitafuta bei ya chini, kwa sababu Mamlaka imeweka kima ambacho makampuni hayaruhusiwi kushuka chini yake. Kwa motokaa ndogo ya nyumbani, bei iliyozoeleka kwa miaka kadhaa ni Shs. 118,000/- pamoja na kodi. Basi mtu akikuambia pale stendi kwamba yeye anayo ya Shs. 60,000/-, usifurahi. Huyo anakuuzia karatasi tupu. Bima halali huandikwa katika mtambo wa Mamlaka, na mwenye simu ya intaneti aweza kuingiza namba ya motokaa yake akaona kama bima ipo, ni ya kampuni gani, na yakoma lini. Fanya hivyo kabla hujaondoka mbele ya wakala.

Kulinganisha kwenyewe ni katika bima kubwa, ile inayolipa na motokaa yako. Makampuni huihesabu kwa thamani ya motokaa, na kwa motokaa ya nyumbani mara nyingi huanzia 3.5 kwa mia. Motokaa ya shilingi milioni 10, basi, ni Shs. 350,000/- kabla ya kodi. Hapo ndipo wengi hujiona wajanja. Mtu asema, "Andika milioni 6," naye alipa Shs. 210,000/- tu. Ameokoa Shs. 140,000/-, anarudi nyumbani akipiga mluzi. Lakini mikataba mingi ina kifungu kisemacho kwamba aliyekata bima kwa sehemu ya thamani atalipwa kwa sehemu hiyohiyo. Akigonga, na fundi akataka milioni 3, kampuni itatoa milioni 1 na laki 8. Iliyobaki ni yake. Wala kuongeza thamani hakusaidii. Ukiandika milioni 15, utalipishwa kwa 15 na kufidiwa kwa bei ya sokoni.

Tena uliza juu ya ile sehemu ya hasara utakayobeba mwenyewe. Wakala haitaji mpaka aulizwe. Tuseme kampuni ya kwanza yataka Shs. 350,000/-, nawe ubebe laki 5 za kwanza za kila hasara. Ya pili yataka Shs. 390,000/-, nawe ubebe laki 2. Ukivunja taa na bampa kwa Shs. 450,000/-, ya kwanza haikupi kitu. Ya pili yakupa Shs. 250,000/-. Ipi iliyo rahisi?

Nasi tunaoishi huku juu tuna swali letu ambalo mtu wa Dar es Salaam aweza kulisahau. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikafunika sehemu za mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Mbele ya misiba hiyo motokaa ni kitu kidogo, lakini motokaa nazo zilizama katika tope, na mwenye bima ndogo tu hakuwa na cha kudai. Hata katika bima kubwa, mikataba haifanani: mmoja wakubali mafuriko na maporomoko, mwingine wayakataa, wa tatu wayakubali kwa malipo ya ziada. Yeyote anayeshuka mteremko wa Magara wakati wa masika na aulize jambo hilo, na jibu alitake kwa maandishi.

Sasa narudi kwa majirani wa siku ya mnada. Namjua mtu mmoja wa wilaya yetu aliyekuwa akipeleka wagonjwa Haydom kwa motokaa yake, na ndugu zao humlipa nauli. Bima yake iliandikwa ya matumizi ya nyumbani. Siku moja utelezi ukamshinda, motokaa ikapinduka, na mama mmoja akavunjika paja. Polisi wakauliza abiria kama wamelipa. Wakasema kweli, kama ilivyopasa. Kampuni ikasoma mkataba wake, ikakataa kulipa. Yule bwana aliuza ng'ombe sita kwa matibabu ya mama yule, na motokaa imelala nyuma ya nyumba mpaka leo, kuku wakitaga ndani. Angekuwa amedhulumiwa, angeweza kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa kwa malalamiko ya namna hiyo. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyejaza fomu.

Ndugu wa Dongobesh, bei zako tatu hazifai kitu, maana zote umetajiwa kwa motokaa ya nyumbani. Pigia simu mahali palepale patatu, useme wazi kwamba unapakia abiria kwa malipo. Watakuuliza idadi ya viti, na bei itapanda. Utatakiwa pia leseni ya LATRA. Waweza kumtumia dalali wa bima, maana yeye huchukua bei za makampuni mengi, kuliko wakala ambaye kwa kawaida huuza za kwao tu. Ukiona gharama imezidi mapato ya mnada, acha nauli, ubaki na bima ya nyumbani. Na mpaka hapo utakapoamua, mnada ujao nenda na vitunguu vyako tu.