Tarehe ya kliniki isirukwe

Mjamzito anayejisikia mzima huona hakuna ubaya kuruka tarehe moja ya kliniki. Sisi tunasema upo. Presha huweza kupanda bila kichwa kuuma wala miguu kuvimba, na kifafa cha mimba kikazuka ghafla. Kupima presha na mkojo ndiko kunakowahi kuonya. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio 8 badala ya 4, na 5 kati ya hayo ni ya miezi mitatu ya mwisho, hatari inapozidi. Aliyekosa Jumatatu aende Jumanne, asingoje mwezi ujao. Wauguzi nao wampokee bila kumfokea, maana maneno makali huwafukuza wengi. Na waume watoe nauli mapema.