Kupooza Ghafla: Mgonjwa Asicheleweshwe

Mtu mwenye afya yake huanza kuhisi ganzi nyayoni, na baada ya siku chache miguu haimbebi. Katika Bonde la Kilombero, kama katika sehemu nyingine za nchi yetu, wapo bado wanaosema kwamba mtu huyo amekanyaga tego. Hutafutwa mganga, na siku zinapita. Siku hizo ndizo alizozihitaji mgonjwa.

Ugonjwa mmoja wa namna hii unajulikana kwa jina la Guillain-Barré, kutokana na madaktari wa Kifaransa waliouchunguza kwa askari wawili mwaka 1916. Mara nyingi hutanguliwa na kuhara au maradhi ya kifua. Kinga ya mwili hupambana na vijidudu. Lakini kwa kuwa baadhi ya vijidudu hivyo hufanana na sehemu za mishipa ya fahamu, kinga hiyo hugeuka na kuishambulia mishipa yenyewe. Ulegevu hupanda kutoka miguuni hadi mikononi, na pengine hufika kwenye misuli ya kupumua. Katika kila wagonjwa watano, mmoja hivi huhitaji mashine ya kupumulia. Akiikosa hufa, ilhali walio wengi wakitunzwa vema hutembea tena.

Tiba zipo mbili: kutiwa mshipani imunoglobulini inayotokana na damu ya watu wengi, au kubadilishwa maji ya damu. Zote ni ghali. Hata hivyo, mwaka 2018 madaktari wa Bangladesh walitoa matokeo ya jaribio la njia rahisi ya kubadilisha maji ya damu mgonjwa akiwa kitandani, kwa watu 20. Njia hiyo yafaa ifuatiliwe na wakuu wetu wa afya. Tena, kumgeuza mgonjwa, kuangalia pumzi yake na kumnyoosha viungo ni kazi isiyohitaji utajiri.

Liko na jambo la pili. Polio nayo hulegeza viungo ghafla. Kwa hiyo kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea hivyo ni lazima aripotiwe mara moja, na sampuli mbili za choo zichukuliwe katika siku 14 za kwanza. Nchi yetu ilithibitishwa kuwa imeitokomeza polio mwaka 2015, lakini mwaka 2023 virusi vyake vilionekana kwa mtoto mkoani Rukwa.

Ifakara inayo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko na kituo cha utafiti kilichoanza miaka ya 1950. Daraja la Mto Kilombero limeondoa adha ya kungoja kivuko. Kilichobaki ni wajibu wetu. Mwalimu anayemwona mwanafunzi akiburuta miguu, na mtendaji anayesikia habari hizo kijijini, asingoje kuulizwa. Atoe taarifa na kuhimiza mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Vile vile tusiyasahau mafunzo ya kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973: choo bora na maji yaliyochemshwa. Kuhara kunakozuiwa leo huenda ni kupooza kulikoepukwa kesho.