Leseni ya mshirika si bidhaa ya dukani

Mitihani imekwisha, na kama kawaida kila kona ya hosteli kuna vijana watatu wanaopanga kufungua kampuni ya kompyuta: kuuza laptopu, kufunga mtandao, kuweka programu kwenye maduka na zahanati. Mimi naunga mkono kabisa. Ila kuna kitu nakisikia kwenye hiyo mipango kinanikera, tena kinasemwa na watu wenye akili zao: "Tunajisajili kuwa washirika wa Microsoft, tunalipia kile kifurushi cha bei chee, halafu zile leseni tunawawekea wateja. Faida tupu!"

Jamani, hapana. Hiyo siyo biashara, ni kumuuzia mtu kitu ambacho si chako.

Tuelewane kwanza. Kwa miaka mingi Microsoft walikuwa na kifurushi kinaitwa Action Pack, kwa ajili ya kampuni ndogo zinazouza na kuhudumia bidhaa zao. Miaka yake ya mwisho kilikuwa dola 475 kwa mwaka, na ndani yake unapata leseni kadhaa za Windows, Office, seva na huduma za mtandaoni. Ukipiga hesabu ya kununua kimoja kimoja unaona ni bei ya kutupa. Hapo ndipo watu wanapopata tamaa.

Lakini ile bei haikuwa zawadi, ilikuwa na sababu yake. Leseni zile ni za matumizi ya ndani ya kampuni ya mshirika. Maana yake: mhasibu wako anaandikia barua, fundi wako anajifunza kuendesha seva, unajaribu programu unayotengeneza, unamwonyesha mteja jinsi kitu kinavyofanya kazi kabla hajanunua. Basi. Huruhusiwi kumuuzia mteja, kumwekea "kwa muda", kuendeshea seva unayowakodisha watu, wala kufundishia darasa la kulipia. Hata kumpa mdogo wako nyumbani hairuhusiwi. Mantiki yake ni rahisi: anayeuza aijue bidhaa anayoiuza.

Kuna kipengele kingine ambacho wengi hawakisomi kabisa: haki hizo zinaishi na usajili. Usipolipia mwaka unaofuata, unatakiwa uache kutumia. Hujanunua programu, umelipia ruhusa ya mwaka mmoja.

Sasa chukulia umeweka leseni hizo kwenye kompyuta nane za duka la dawa. Umelipwa, umekula hela, mmegombana na wenzako, kampuni imekufa. Usajili nao umekufa. Mwenye duka ana risiti yako na kompyuta nane zenye programu zisizo na uhalali, na yeye wala hajui. Siku akikaguliwa atasema nini? Hapa kwetu Tanzania programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na "niliwekewa na fundi" ni utetezi mwembamba sana.

Na msidhani huu ni mfano wa kutisha watu tu. Action Pack yenyewe ilifungwa: Januari 2025 ndio ilikuwa mwisho wa kuinunua au kuilipia upya, waliokuwa wamelipia wakaachiwa wamalize mwaka wao. Badala yake vikaja vifurushi vitatu: Partner Launch Benefits wa dola 345, Partner Success Core wa dola 895 na Partner Success Expanded wa dola 3,995 kwa mwaka. Majina mapya, vilivyomo vimebadilika, lakini kanuni ya matumizi ya ndani imebaki ile ile. Aliyejenga biashara yake juu ya leseni za kifurushi cha zamani alijenga mchangani.

Najua mtakachosema. Microsoft ni tajiri, bei zake ni za dola, sisi mishahara yetu ni ya shilingi. Kweli kabisa, na mimi nalalamika pamoja nanyi. Masharti yenyewe ni marefu, yamejaa Kiingereza cha mawakili na hubadilika kila baada ya muda. Lakini angalieni anayeumia ni nani. Si Bill Gates. Ni mama mwenye duka aliyekulipa hela kamili akiamini kanunua kitu halali.

Ukitaka kuuza, njia ya kuuza ipo. Mshirika mdogo anaweza kupitia kwa msambazaji, na usajili wa mteja unaandikwa kwa jina la mteja mwenyewe, kwenye akaunti yake. Wewe ukifa kibiashara, yeye anahamia kwa muuzaji mwingine na kazi inaendelea. Hicho ndicho kipimo changu: leseni ina jina la nani? Kama ni jina lako na anayetumia ni mteja, kuna tatizo.

Na kama mteja hana uwezo huo, mwambieni ukweli. Kuna Ubuntu, kuna LibreOffice. Unamwekea kihalali bila kulipia leseni, halafu unatoza ufundi wako, mafunzo na matengenezo. Hela ya ufundi ni hela safi, na mteja wa namna hiyo anarudi.

Ombi langu la mwisho ni kwa walimu wetu. Mwanafunzi wa kompyuta anaweza kukaa miaka mitatu akifundishwa kuandika programu, asifundishwe hata saa moja kusoma leseni. Halafu tunashangaa anapoanza kazi kwa kuvunja masharti ya wenzake, huku akitaka programu zake yeye zilipiwe.

Naomba kuwasilisha. Anayepinga aje na hoja.