Mpwa Wangu, Yoga na Shamba la Nyamira

Mwezi uliopita nilipanda basi kutoka Mombasa hadi Nairobi, na kutoka Nairobi nikapanda matatu hadi Kisii, kisha nikashika njia ya Nyamira. Si safari ndogo kwa mtu wa umri wangu, lakini dada yangu aliponiita sikuweza kukataa. Yeye aliolewa huko na Mkisii aliyesilimu, na mtoto wao wa kwanza, kijana wa miaka 24, ametoa neno lililowaacha wazazi wake tumbo joto. Anataka kwenda India kusomea yoga, akae mwaka mzima, asome na kutembea aione dunia.

Shemeji yangu alikuwa amekwisha kutafuta mnunuzi wa nusu ya shamba lake la chai. "Nyinyi watu wa pwani mnawajua Wahindi," akaniambia. "Hebu tuambie, shemeji, hii ni elimu au ni mchezo?"

Ndugu msomaji, swali hilo si la nyumba moja. Katika nchi ya Wakisii kumpeleka mtoto ng'ambo ni kazi ya ukoo mzima. Hufanywa harambee, majirani hutoa walicho nacho, na msafiri husindikizwa kwa sala. Wakisii walioko Minnesota, Marekani, ni wengi mno. Hata India si ngeni kwao, kwani Wakenya wengi, na Wakisii wakiwamo, walikwenda kusoma katika vyuo vya Pune, na wako waliorudi wakawa walimu na wakubwa wa ofisi. Lakini ardhi ya Kisii na Nyamira ni rutuba tupu na watu ni wengi. Kila kizazi hugawana vipande vidogo kuliko vya baba zao. Kipande kikiuzwa leo, hakirudi.

Tuanze na jambo lililomkosesha dada yangu usingizi, nalo ni dini. Je, yoga ni ibada ya Kihindu? Asili yake ni huko, hapana haja ya kuficha. Lakini Waislamu hawakuanza jana kuitazama. Mwanachuoni Abu Rayhan al-Biruni, katika karne ya 11, alijifunza Kisanskrit na kukifasiri kwa Kiarabu kitabu cha Patanjali, ambacho ndicho msingi wa elimu hiyo. Baadaye Sheikh Muhammad Ghawth wa Gwalior, wa tarika ya Shattari, aliyefariki mwaka 1563, aliandika kwa Kiajemi juu ya mikao na pumzi za mayogi. Watu hao walisoma ya wenzao bila kuacha yao.

Katika miaka yetu hii maulamaa wamelitolea jambo hili maneno. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia lilikataza yoga inayochanganya mazoezi na ibada na maneno ya Kihindu. Mwaka 2009 baraza la maulamaa la Indonesia lilipambanua kwamba yenye ibada na nyiradi za Kihindu ni haramu, na iliyo mazoezi ya mwili matupu inaruhusiwa. Saudi Arabia nayo mwaka 2017 iliruhusu yoga ifundishwe kama mchezo. Huko India kwenyewe, ilipofanywa mara ya kwanza Siku ya Yoga ya Dunia, tarehe 21 Juni 2015, zoezi la kulisalimu jua liliondolewa katika mpango wa siku hiyo baada ya Waislamu kulalamika. Kwa hiyo mstari upo, na unaonekana. Kunyoosha kiungo ni jambo moja, na kulisujudia jua ni jambo jingine.

Nilimwuliza kijana mbele ya mama yake, "Mwalimu akikwambia useme maneno usiyoyaamini, utafanyaje?" Akajibu, "Mjomba, nitanyamaza na nitavuta pumzi." Nilicheka, lakini jibu lake lilinitosha. Dada yangu alimwambia neno moja tu, kwamba Kisii huelekea kaskazini akisali, na India ataelekea magharibi, asije akasahau.

Jambo la pili ni riziki. Shemeji hakuamini kwamba mtu anaweza kula kwa kujinyonganyonga juu ya mkeka. Nilimweleza niliyoyaona kwetu. Katika mahoteli ya Diani na Watamu wageni hulipa kufundishwa yoga, na Lamu limekuwa likifanywa tamasha la yoga. Mara nyingi anayefundisha na anayefundishwa wote ni wageni, na watoto wetu hubeba mikeka. Nairobi, tangu mwaka 2007, kuna shirika la Africa Yoga Project ambalo limewafunza vijana wa mitaa ya kawaida wakawa walimu wa kulipwa. Basi kazi ipo, ingawa si ya kila mtu.

Lakini hapo ndipo hesabu ya kijana ilipoanza kuyumba. Cheti ambacho mahoteli mengi hukidai ni cha mafunzo ya saa 200, na katika mji wa Rishikesh, kando ya mto Ganga, mafunzo hayo huchukua kama mwezi mmoja. Mwaka mzima ni wa nini? Tukagundua kwamba wakala mmoja ndiye aliyempangia mwaka mzima, akataka fedha zote mkononi, akamhakikishia kwamba visa yoyote inatosha. Si kweli. Visa ya utalii ya India huruhusu mafunzo mafupi ya yoga. Anayetaka kusoma muda mrefu lazima apate visa ya mwanafunzi pamoja na barua ya chuo kinachotambuliwa, na mwenye visa ya zaidi ya siku 180 hutakiwa kujiandikisha kwa wakuu wa wageni katika siku 14 za kufika. Kijana wetu angekwenda na karatasi isiyomfaa, na nusu ya shamba imekwenda.

Tena hakuwa na habari ya chanjo ya homa ya manjano. Atokaye Kenya hutakiwa kuwa na cheti cha chanjo hiyo aingiapo India, na cheti huanza kufaa siku 10 baada ya kudungwa. Akifika bila cheti aweza kuwekwa karantini siku kadhaa. Alikuwa pia amepanga kufika mwezi wa Julai. Nikamkumbusha kwamba pepo za kusi zilizokuwa zikiyapeleka majahazi yetu Bombay ndizo zinazoipelekea India masika yake, tangu Juni hadi Septemba. Babu zetu walisafiri kwa kuhesabu pepo, na yeye na ahesabu.

Tulikaa usiku kucha. Mwisho tukakubaliana hivi. Shamba lisiuzwe. Kijana aanze kujifunza Nairobi miezi michache, tumwone kama moyo wake umo kweli. Akithibiti, aende Rishikesh kwa mafunzo mafupi baada ya mvua, na tikiti ya kurudi mfukoni. Nauli nitatoa mimi nusu, na nusu atatoka nayo jashoni, kwa kuchuma chai hiyo hiyo iliyotaka kuuzwa. Wakala asipewe hata senti.

Kijana hakufurahi. Alikuwa amekwisha kuwaaga marafiki zake. Asubuhi aliponisindikiza barabarani aliniuliza, "Mjomba, na nikienda nikarudi bila kitu?" Nikamwonyesha michai ya baba yake iliyolowa umande. Nikamwambia, "Hapa patakuwapo."

Wazazi wa Kisii, Nyamira na pwani, msiwazuie watoto kusafiri. Sisi wenyewe ni wana wa wasafiri. Lakini pimeni safari kabla ya kuilipia, mwulizeni mtoto swali lililo gumu, na msiuze mahali pa kurudia. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.