Land Rover ya uani si chuma chakavu

Mwandishi aliyetaka Land Rover kuukuu zilizobaki Nansio, kisiwani Ukerewe, ziuzwe kwa kilo hajawahi kuinama akatazama chini ya gari. Bodi ya Land Rover 109 ni ya alumini, haishiki kutu. Kinacholiwa ni chasisi ya chuma, tena kwa ndani, tope linakotuama. Fundi huigonga kwa nyundo ndogo huku akisikiliza. Panapolia butu anakata, anachomelea kipande kipya. Kazi hiyo inafanyika uani, chini ya mwembe, na gari linasimama tena.

Anadai pia kwamba kufunga injini ya dizeli ya Toyota ni kuharibu historia. Sikubali hata kidogo. Land Rover ya Series III iliacha kutengenezwa mwaka 1985; hiyo injini ya asili anataka ivushwe kwa kivuko cha Kisorya na Rugezi ikitokea wapi? Injini ambayo spea zake zinapatikana Mwanza mjini ndiyo inayolirudisha gari barabarani, na gari linalotembea lina historia kuliko lililoyeyushwa.

Angezungumzia breki ningemuunga mkono. Injini yenye nguvu zaidi juu ya breki zilezile za zamani ni hatari, na mafundi wetu wengi hawaligusi suala hilo mpaka mteja aulize.